Skrini Inasema Kushoto

3 Februari

Mume wangu mdogo,

Marahaba, nakuitikia kabla hujanisalimia maana najua utasahau. Mimi ni mzima, cherehani ni nzima, kuku wa jirani ni wazima na bado wananya mlangoni kwangu. Goti la kushoto linatangaza mvua kabla ya redio, kwa hiyo nalo liko kazini. Mwanangu, mama yako, alikuja Jumapili. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaangalia kuta zangu kama mtu anayepima pazia, akasema kwao kuna chumba kinakaa bure, kina dirisha kubwa na televisheni. Nikamuuliza hilo dirisha linaangalia nini. Akasema linaangalia ukuta wa jirani, lakini umepakwa rangi nzuri.

Nikamwambia chumba kinachokaa bure hakijamkosea mtu, wakiache kipumzike.

Mzigo wako umefika. Kondakta wa basi alikuwa ameugeuza kigoda, nikamwinua. Nimeufungulia mezani, juu ya sare za shule ninazoshona. Skrini nimeiona, ni ndogo kuliko nilivyodhani. Waya mrefu mweusi nimeuona, na mwisho wa waya kile kidude chenyewe, kirefu kama kiganja, laini tumboni, ambacho ulisema kinapiga sauti chini ya maji kisha kinaisikiliza ikirudi, na skrini inachora samaki, mawe na tope, chini na pembeni. Nimekiita sikio, maana ndiyo kazi yake. Kuna mkanda wa chuma wenye skrubu, kama ule wa kubana mpira wa maji. Na kuna kitabu cha maelezo kwa lugha chungu nzima, hakuna hata moja inayonihusu.

Sasa niambie. Ile mota ndogo ya umeme uliyonipa mwaka jana iko nyuma ya boti na inafanya kazi vizuri, inasukuma polepole, haina kelele, samaki hawaikimbii. Najua sikio linafungwa kwenye tumbo la mota, kule chini majini, karibu na propela. Linafungwaje? Waya unapita wapi? Niandikie yote, kwa Kiswahili cha mtu na mtu. Usinipigie simu. Mtandao wa huku siku hizi umeharibika, sauti zenu zinakwaruza kama sufuria inayosuguliwa mchanga.

Kama mama yako amekuambia habari za nguo zangu kulowa, nguo ni kitu cha kulowa. Zimekauka.

Yule dada wa duka la dawa umeshamwambia kwamba una mke?

Bibi yako na mke mkubwa


26 Februari

Shikamoo Bibi, na shikamoo tena mke wangu. Moja ni ya umri, ya pili ni ya ndoa.

Mimi sijambo. Dukani tunaendelea kuuza vifaa vya boti kwa watu ambao hawajawahi kulowa hata kidole. Bosi bado tunamwita Mzee Risiti, wiki iliyopita alimdai mpishi risiti ya chumvi. Mwenye nyumba kapaka ngazi rangi ya kijani bila kumwambia mtu, na sasa wapangaji wote tunaacha nyayo za kijani hadi kituo cha basi. Yule dada wa duka la dawa anakusalimu. Anasema anakubali kuwa mke mdogo mradi kupika ni kwako.

Nimefurahi mzigo umefika. Ila Bibi, kazi hii haitaki pupa. Mambo ya majini ukikosea hurudii. Tutakwenda hatua kwa hatua, hatua moja kwa kila barua, nisije nikakuchanganya. Hatua ya kwanza ni kwamba usifunge chochote. Jaza pipa maji, unganisha skrini na betri, tumbukiza sikio, uangalie skrini inaonyesha nini. Iangalie vizuri kwa siku kadhaa, kisha uniandikie. Wakati huo boti ikae nchi kavu.

Nimekupigia mara nyingi, hupokei. Siku ukipokea unajibu "ndiyo, ndiyo" hata nikikuuliza umekula nini. Mama anasema ulilowa mpaka kichwani. Ulilowa vipi? Sikulaumu, nauliza tu.

Mjukuu wako na mume wako


11 Machi

Mume wangu,

Marahaba mbili. Ninyi na nyayo zenu za kijani, angalau polisi wakiwatafuta hawatahangaika. Mwambie mke mwenzangu kupika nimestaafu, ninayezeeka naye ni cherehani. Mimi ni mzima. Sare za shule zimekwisha, na mwalimu mkuu kalalamika kwamba suruali ni fupi. Nikamwambia suruali ziko palepale, ni watoto wamekua.

Nimefanya ulivyoagiza. Nimejaza pipa, nimetumbukiza sikio, skrini ikawaka. Imeonyesha kwamba ndani ya pipa langu hakuna samaki. Asante sana. Nimekaa hapo nikitazama pipa kwa siku kadhaa, kama ulivyosema, mpaka jirani akampigia mama yako kumwambia nimeanza kuongea na pipa.

Uliniuliza nililowa vipi. Kwa maji.

Mama yako kaja tena, safari hii na gari la mumewe, akachukua makasia yangu. Anasema anayapeleka kupakwa vanishi. Makasia hayo hayajapakwa kitu tangu yachongwe, leo ghafla yameona aibu kukaa uchi. Nilimwacha ayachukue kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni na mteja mbele yangu, na mtu mwenye pini mdomoni hashindi ugomvi. Lakini nimemwona.

Nataka ujue jambo moja, maana naona ninyi watu wa mbali mnalisahau. Boti ile si ya marehemu babu yako. Babu yako aliogopa maji hata ya kuoga. Niliichongesha mimi, kwa nguo za watu nilizoshona mgongo ukiniuma, na seremala alinicheka nilipomwambia benchi la katikati aliweke kwa kimo changu. Wiki nzima watu wananiambia punguza hapa, ongeza pale, hapa pananibana. Nikiwa majini, nimeshika makasia, naiona nyumba yangu inapungua, inapungua, hadi inaenea kwenye kiganja. Hakuna anayeniambia nipunguze kitu. Pale tu ndipo mimi ni mtu, si sindano ya watu.

Kwa hiyo nitumie hatua ya pili, ya tatu na ya mwisho katika bahasha moja.

Mke wako


19 Aprili

Shikamoo mke wangu,

Nisamehe nimechelewa. Nilishikwa na mafua, mafua yakaisha akaja mkaguzi wa hesabu, mkaguzi akaondoka Mzee Risiti akaumwa kwa hasira. Mambo juu ya mambo. Mwenye nyumba sasa kapaka na mlango. Hatujaweza kuugusa, tunapita kwa kuusukuma na kiwiko.

Pole kwa makasia. Yakirudi yatakuwa yanameremeta.

Hatua ya pili. Kabla ya ule mkanda wa chuma, unapaka gundi ya mpira kwenye tumbo la mota, unaweka sikio juu yake, unaliacha likauke kivulini mwezi mzima. Mwezi mzima, Bibi, si wiki. Likiguswa na maji kabla ya hapo limeharibika na hatuna jingine. Mwenda pole hajikwai. Mwezi ukiisha niandikie, nitakutumia hatua ya tatu.

Na wakati gundi inakauka, huna la kufanya pale nyumbani, kwa nini usiende kwa Mama ukalale hata wiki moja? Si kuhama. Kutembea tu. Amenunua mapazia. Wahenga walisema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kila mtu mwisho wake hurudi kwa watu wake, Bibi, si aibu.

Juzi nilipiga simu ikapokelewa, nikakusikia unapumua, ukakata. Kuna nini?

Mjukuu wako


2 Mei

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mume. Nimekupa talaka.

Salamu ni fupi: mimi ni mzima. Wengine waulize wenyewe.

Kitabu cha maelezo sikijui kukisoma, lakini kina picha, na macho ninayo. Kuna picha ya mkono. Kuna picha ya bisibisi. Kuna picha ya mkanda wa chuma ukizunguka tumbo la mota. Nimekipekua mbele na nyuma, hakuna picha ya gundi. Nikasema labda gundi ni siri ya mafundi. Basi barua yako ilikuwa mezani mama yako alipokuja, akaisoma bila kuombwa, akacheka. Akageuka dirishani akasema polepole, peke yake, "Mwezi mzima! Mimi nilimwambia amcheleweshe kidogo tu."

Alidhani sitamsikia, na ni kweli sikumsikia. Niliona mdomo wake kwenye kioo cha wateja. Siku hizi nasoma midomo, na mdomo wa mama yako haujui kunong'ona.

Sasa nitasema mimi, maana ninyi mmenifanya mtoto anayelia, mnanipa kijiko nishike mpaka ninyamaze. Ndiyo, masikio yangu yamekufa. Hakuna mtandao mbovu. Yalianza kwa kuniibia ndege, yakaja yakachukua mlango unapogongwa, sasa yamewachukua ninyi. Nilikata simu kwa sababu nilijua ni wewe na sikusikia hata neno. Nililia, halafu nikaendelea na kazi. Na nililowa hivi: tishari la mchanga, kile chombo kipana kama uwanja kinachobeba mchanga kutoka ng'ambo, lilikuja na honi yake yote, kila mtu ufukweni akaisikia isipokuwa mimi. Nahodha akakata kona. Halikunigonga. Wimbi lake ndilo lililonipindua. Nilishikilia ubavu wa boti mpaka wakanifikia, na nilipofika nchi kavu nikaulizia ndoo yangu ya samaki. Umeridhika?

Nilimwambia mama yako haya yote. Akanijibu, sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia methali yako imechelewa, lilishakufa.

Akaja na lake. Amepata mnunuzi. Fundi wa madirisha ya alumini, anataka boti ya kuvulia na marafiki zake, atakuja mwisho wa mwezi huu kuitazama. Boti yenye mwenyewe, aliye hai, anayeshona na kula, wanaipangia mnunuzi! Mama yako anasema nikikataa ataita ukoo mzima unikalishe chini. Waje. Mtu mzima hatishiwi nyau. Viti ninavyo viwili, watakaobaki watasimama.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwake nikayachukua makasia yangu nyuma ya kabati. Halafu nikalifunga sikio, bila wewe. Nililaza mota juu ya meza ya kukatia nguo. Nikazungusha mkanda kwenye tumbo lake, nikauweka mbali na propela ili mapanga yake yasiguse kitu, nikaliweka sikio chini, tumbo lake likitazama chini sawasawa. Lina mshale mdogo mgongoni. Kwenye picha mshale unatazama mbele ya boti, nami nikauelekeza mbele ya boti. Nikakaza skrubu. Waya nikaupandisha kwenye mti wa mota, ile nguzo inayoshuka majini, nikaubana kwa zile kamba za plastiki, kila shubiri moja, safi, umenyooka. Nikajisifu. Nikaigeuza mota kama mtu anayepiga kona, waya ukakazika nusura ung'oke. Nikakata kamba zote nikaanza upya. Nikauachia nafasi pale juu, kitanzi kizuri, kama unavyoachia nafasi ya kwapa, maana mkono utainuka na nguo lazima ikubali. Sasa mota inageuka inavyotaka. Na waya wa sikio sikuupitisha pamoja na ule mnene wa betri, maana nilipoziweka pamoja skrini ilichora michirizi kama mvua.

Nimetoka nayo asubuhi. Inafanya kazi. Nimeona tope, nimeona samaki wamejipanga kama vifungo. Lakini mashine yako ni mwongo katika jambo moja. Lile jiwe kubwa linalokata nyavu za watu, nalijua tangu ujana. Nililipita liko mkono wangu wa kulia, skrini ikalichora kushoto. Nikarudi, likawa mkono wa kushoto, skrini ikalichora kulia.

Sikuombi ruhusa ya kuingia majini. Nakuuliza swali moja la ufundi. Nilifungue sikio nilipindue, au lina ugonjwa gani?

Bibi yako


9 Mei

Shikamoo Bibi,

Barua hii nimeipeleka mwenyewe kituoni na kumkabidhi dereva mkononi. Talaka sijaikubali, tutaizungumza baadaye. Dukani wazima, ngazi zimekauka, hayo yanatosha.

Usiliguse sikio. Umelifunga sawasawa. Nimesoma maelezo yako mara nyingi, nikamsomea na Mzee Risiti, ambaye hajawahi kusifia kitu, akasema kitanzi hicho cha waya hata mafundi wetu husahau. Mshale uko sawa, waya uko sawa, jiwe liko mahali pake. Skrini haisemi uongo. Skrini inahesabu kushoto na kulia kama mtu anayetazama mbele ya boti. Kwa hiyo ni wewe, Bibi, uliyekaa kinyume.

Nimekaa na jambo hilo tangu juzi. Umekaa kwenye benchi la katikati, sivyo? Palepale unapokaa kupiga makasia. Na anayepiga makasia huipa safari mgongo. Mota iko mbele ya uso wako, umeushika usukani wake, na boti inakwenda upande wa kisogo chako. Nilikuletea mota mwaka jana nikakuonyesha kila swichi, sikukuambia ukae wapi, nikidhani kila mtu anajua. Wewe nawe hukuniuliza, kwa sababu hivyo ndivyo umekaa kwenye boti ile tangu ichongwe. Ulipokuwa unasikia, masikio ndiyo yalikuwa yanakutazamia mbele. Yalipokwenda, hakuna aliyebaki kutazama. Tishari halikukutokea ghafla. Ulikuwa umelipa mgongo.

Kwa hiyo geuka. Kaa benchi la nyuma kabisa, pembeni ya mota, utazame mbele, mkono wa usukani uwe nyuma yako. Betri ihamishie mbele ya boti kwa waya mrefu zaidi, naupakia kwenye mzigo huu, maana wewe na betri mkikaa nyuma wote boti itanyanyua pua. Usukani utakusumbua mwanzoni: ukiusukuma kulia, boti inakwenda kushoto. Mazoezi ya siku chache yatatosha. Safari hii nakuambia siku chache za kweli.

Masikio hayatarudi kwa kugeuka, najua. Ila wewe unatunga uzi kwenye sindano bila miwani, na mimi hapa nina miwani na bado naukosa.

Nimempigia Mama. Nimemwambia boti ya Bibi haiuzwi na mimi simcheleweshi tena mtu. Akasema ukizama nije kukuzika mwenyewe, akakata. Bibi, mimi niliogopa. Aliponiambia walikukuta unaning'inia ubavuni mwa boti, na mota ni mimi niliyeileta, nilishindwa hata kumhudumia mteja. Bado naogopa. Lakini heri niogope wewe ukiwa majini unatazama mbele kuliko nikudanganye ukiwa chumbani unatazama ukuta.

Mnunuzi akija, fanya unalojua.

Mjukuu wako, ambaye bado ni mume


30 Mei

Mume wangu,

Talaka nimeifuta. Marahaba, na mke mwenzangu mpe marahaba yake hata kama hajaamkia. Mimi ni mzima, goti linadai mvua. Kuku mmoja wa jirani ametoweka na jirani ananitazama mimi. Mwambie Mzee Risiti asante, na kama anataka suruali nitamshonea, kwa risiti.

Barua yako niliisoma nikakasirika. Nani wa kuniambia sijui kukaa kwenye boti yangu? Nikaiweka. Nikaenda ufukweni, nikasimama nikaitazama boti, nikajitazama mwenyewe pale kwenye benchi la katikati kwa jicho la mawazo, nikasema, lo. Mwanamke mzima, tangu ujana, anakwenda kinyumenyume.

Siku ya kwanza nilizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Nikisukuma kulia inakwenda kushoto, nikivuta inakwenda inakotaka. Wapakua mchanga waliacha kazi wakakaa chini kunitazama. Mmoja alikuwa anapiga makofi, niliona mikono. Maji nilishayavulia nguo, sikuwa na budi kuyaoga. Siku iliyofuata nilinyooka kidogo. Siku nyingine nikanyooka zaidi, nikapita karibu na lile jiwe, likawa mkono wa kulia, na skrini ikasema kulia. Nikacheka peke yangu mpaka nikashika mbavu. Ninachotaka kukuambia ni kwamba sikuwahi kuliona ziwa linakuja. Nimeliona likiondoka tu. Ni kubwa kuliko nilivyojua, na nimefurahi, sifichi.

Juzi mnunuzi kaja. Mama yako kaja naye, kavaa viatu vya ofisini, kashika mkoba kwa mikono miwili kama mtu aliyekwenda kusikiliza kesi. Yule fundi wa madirisha ana adabu, aliniamkia, akatoa futi yake akaanza kupima ubavu wa boti. Nikasubiri amalize kupima upande mmoja. Halafu nikaisukuma majini na futi yake ikiwa bado imening'inia, nikapanda, nikakaa nyuma, nikawasha mota.

Sikwenda mbali. Nilikwenda pale penyewe. Tishari lilikuwa linatoka kwenye gati la mchanga, limejaa. Niliona moshi wake kwanza, nikaona pua yake inageuka, nikajua njia itakayopita. Nikajitoa pembeni mapema, taratibu, nikasimamisha boti mbali na wimbi lake, nikamwinulia nahodha mkono. Nahodha naye akanipungia kofia. Wimbi likaja, nikaliwekea pua ya boti, likaninyanyua, likanishusha. Skrini ikaendelea kuchora samaki wake.

Niliporudi, mama yako alikuwa amesimama majini, maji yako juu ya viatu vya ofisini na hana habari. Akanishika mabega. Akasema polepole, uso kwa uso ili nimwone mdomo, "Mama, umeisikia ile honi?"

Nikamwambia, "Sikusikia hata chembe. Nilimwona kabla hajapiga."

Fundi wa madirisha alikuwa anaikunja futi yake. Akamwambia mama yako kitu, sikukiona chote, ila mwisho nilikiona: "Boti hii ina mwenyewe, dada." Halafu akaniuliza mimi, kwa ishara na kwa mdomo, kile kidude chini ya mota kimefungwaje. Nikamwambia aje Jumatatu na yake, nitamfungia.

Nilidhani vita vimekwisha. Mama yako ni mwanangu, havikuwa vimekwisha. Akafuta uso, akasema, "Haya, anayekuja mbele umemwona. Na anayekuja nyuma yako utamwona kwa kisogo?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Na mimi swali zuri huniwasha hasira. Nikamwambia, "Panda."

Akasema hawezi, ana kazi, ana viatu. Nikamwambia viatu tayari vimeshapanda, bado yeye. Akapanda. Akakaa benchi la katikati, na kwa kuwa hajui boti alikaa akinitazama mimi, magoti yetu yanagusana, uso wake nyuma na wangu mbele. Hatujakaa hivyo tangu nilipokuwa namfundisha kusoma. Tulikwenda hadi katikati ya ziwa. Halafu nikaona macho yake yamehama, yanatazama juu ya bega langu. Akainua kidole. Nikageuka, boti la abiria lilikuwa linakuja kwa nyuma, bado liko mbali. Nikasogea, likapita. Akanitazama, akainua kidole kingine, akasema kwa mdomo mkubwa, "Na pale kuna mtumbwi." Nikamwambia mtumbwi umefungwa, hauendi popote. Akasema yeye anataja tu.

Alilia kidogo. Nami nililia kidogo. Kisha samaki akavuta uzi, ikabidi tuache.

Jana Jumamosi alikuja kabla sijamaliza chai, hakuitwa na mtu, amevaa viatu vya raba. Anasema anakuja kunilinda mimi. Sawa. Alikuwa wa kwanza kufika kwenye boti, na alikaa benchi la katikati akitazama nyuma kama aliyezaliwa hapo, na aliniambia nikae vizuri.

Kwa hiyo nina agizo, na usinipe hatua, nipe kitu. Jaketi langu la kuelea ninalo. Nitumie la mama yako. Ukimuuliza atakuambia anavaa saizi ya kati. Mimi ndiye ninayemshonea nguo tangu azaliwe. Usimsikilize.

Mke wako mkubwa